Kardinali Joseph Cardijn: Padri wa Vijana Wafanyakazi

Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu ambaye mfano wake waweza kuwafaa wanafunzi walioko shuleni sasa, na sisi pia tuliokwisha kuondoka. Nimemchagua Kardinali Joseph Cardijn, padri wa Ubelgiji aliyefariki mwaka 1967. Kwa wengi wenu huenda jina hili ni geni. Hata hivyo, kila aliyepata kuwa mwanachama wa VIWAWA, yaani Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, katika parokia yoyote ya hapa Songea, amekula matunda ya mti uliopandwa na mzee huyo. Wasio Wakatoliki nao wasiuruke ukurasa huu, maana jambo lenyewe lamhusu kila mtu aliyepata elimu ilhali wenzake wa utotoni hawakuipata.

Joseph Cardijn alizaliwa Novemba 1882 katika Schaerbeek, karibu na Brussels, akalelewa katika mji mdogo wa Halle. Wazazi wake walikuwa watu wa kazi za mikono, wenye kipato kidogo. Siku zile mtoto wa mfanyakazi alipomaliza masomo ya awali hakuwa na njia nyingine ila kwenda kiwandani, akasaidie kuitunza nyumba. Zamu ya Joseph ilipofika, aliwaomba wazazi wake wamruhusu aendelee na shule kwa kuwa alitaka kuwa padri. Baba yake alikuwa amekwisha kuchoka, na mshahara wa mtoto ungemfaa sana. Pamoja na hayo alikubali kuendelea kuubeba mzigo peke yake.

Kijana akaingia seminari. Aliporudi nyumbani likizoni alikutana na jambo lililomwumiza moyo hadi uzeeni. Vijana aliosoma nao na kucheza nao walikuwa sasa viwandani. Walikuwa wameacha kanisa, na maneno yao yalikuwa yamebadilika. Lililo baya zaidi, walimtazama yeye kama mtu aliyehamia upande wa wakubwa. Hakuwa amewakosea lolote. Shule ndiyo iliyowatenga. Mwaka 1903 baba yake alifariki, na Joseph, akiwa kando ya kitanda chake, aliweka nadhiri ya kuyatoa maisha yake yote kwa ajili ya wafanyakazi.

Alipata upadri mwaka 1906, akasoma elimu ya jamii kwa muda katika Chuo Kikuu cha Leuven, kisha akafundisha seminari ndogo kwa miaka kadhaa. Wakati wa likizo alisafiri kwenda nchi za jirani, Uingereza ikiwa mojawapo, ili aone jinsi vyama vya wafanyakazi vilivyoendeshwa. Mwaka 1912 alipelekwa kuwa padri msaidizi katika parokia ya Laeken, penye viwanda na familia nyingi za wafanyakazi. Hapo ndipo kazi yake hasa ilipoanza.

Nawaomba wasomaji waangalie vizuri namna alivyoianza. Hakuanza kwa kugawa nguo wala mikate, ingawa maskini walikuwa tele. Aliwakusanya vijana wa kazi, wakiwemo wasichana washonaji, akawapa maswali ya kwenda nayo kazini. Mnaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi? Mnalipwa kiasi gani? Anayeanza kazi akiwa na miaka 14 anapokewaje na waliomtangulia? Vijana walirudi na majibu, wakayajadili wao wenyewe kwa nuru ya imani yao, kisha wakapanga la kufanya. Baadaye njia hiyo ilijulikana kwa maneno matatu: kuona, kuamua, kutenda. Padri alikaa pembeni. Aliamini kuwa kijana mfanyakazi ndiye anayefaa kuwa mtume wa kijana mfanyakazi mwenzake, na kwamba hakuna mtu wa nje, hata awe msomi namna gani, awezaye kuifanya kazi hiyo badala yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani waliikalia Ubelgiji, na Padri Cardijn alifungwa gerezani kwa sababu ya kuwapinga. Baada ya vita alikusanya tena vijana wake. Waliokuwa bega kwa bega naye ni walei watatu, Fernand Tonnet, Paul Garcet na Jacques Meert. Walianza mwaka 1919 na chama kidogo, ambacho katikati ya miaka ya 1920 kilipata jina la Vijana Wakristo Wafanyakazi, kwa Kifaransa kifupi JOC.

Upinzani haukukosekana. Baadhi ya wenye viwanda waliona padri anachochea vurugu. Hata ndani ya Kanisa wapo walioona kuwa kuwawekea vijana wafanyakazi chama chao peke yao ni kuwagawa vijana Wakatoliki. Mwaka 1925 Cardijn alikwenda Roma, akaonana na Papa Pius wa 11 na kumweleza shabaha yake. Papa alimwunga mkono, na tangu hapo chama kikaenea nchi hadi nchi.

Vita Kuu ya Pili ilileta mateso mapya. Cardijn alifungwa tena mwaka 1942. Yeye alitoka salama, lakini Tonnet na Garcet walikufa mwanzoni mwa mwaka 1945 katika kambi ya mateso ya Dachau. Wanafunzi wanaodhani kuwa chama cha vijana ni mahali pa kuimba na kupiga picha wayakumbuke majina hayo mawili.

Baada ya vita Cardijn alizunguka mabara yote, Afrika ikiwa mojawapo. Mwaka 1957 vijana wafanyakazi zaidi ya 30,000 walikutana Roma kutoka nchi nyingi za dunia. Mwaka 1961 Papa Yohane wa 23 aliitaja njia ya kuona, kuamua na kutenda katika waraka wake Mater et Magistra, na hivyo njia iliyoanza kwa washonaji wa Laeken ikawa fundisho kwa Kanisa zima. Februari 1965 Papa Paulo wa 6 alimfanya Cardijn kuwa kardinali, naye akapata nafasi ya kusema katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Alifariki Leuven, Julai 1967, akiwa na miaka 84. Alizikwa Laeken, kwenye parokia ile ile alikoanzia.

Sasa nieleze kwa nini habari hizi zinanigusa. Nilipokuwa mwanafunzi hapa, miaka ya mwisho ya 1990, baadhi yetu tuliruhusiwa Jumamosi kujiunga na kikundi cha vijana wa parokia mjini. Kikundi kilikuwa na saidia fundi, mafundi cherehani, wauza mahindi ya kuchoma, na wasichana waliofanya kazi za ndani. Mwenyekiti wetu alikuwa mwanagenzi wa useremala aliyeishia darasa la saba. Kazi zetu zilikuwa zile zinazojulikana: kufyatua matofali, kuezeka nyumba za wazee kabla mvua za Desemba hazijakolea, na kuwapelekea wagonjwa sabuni na unga.

Siku moja tulimpelekea bibi mmoja unga. Sisi wanafunzi tulikuwa tumekwisha kuaga, lakini mwenyekiti alibaki amekaa kwenye kigoda, akamwuliza bibi ni nani anayemtekea maji. Ikajulikana kuwa ni mjukuu wake, na kwa kuwa kisima kilikuwa mbali, mtoto alifika shuleni wenzake wakiwa wamekwisha kumaliza vipindi viwili. Mwenyekiti hakutoa hotuba. Jioni ile alipanga zamu ya kuteka maji, kila mmoja na siku yake, na juma lililofuata watatu kati yetu tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuulizia kisima cha karibu. Kisima kilichukua muda mrefu, lakini mtoto alianza kuwahi shule mara moja.

Nilisoma habari za Cardijn miaka mingi baadaye, nikiwa Chuo Kikuu. Ndipo nilipotambua kuwa yule seremala alikuwa akiifuata njia ile ile, tena kwa ufasaha. Aliona, akaamua, akatenda. Unga tuliopeleka ulikwisha kwa siku nne. Swali alilouliza lilidumu.

Katika utumishi wa serikali nimejifunza kuwa mafaili mengi hujaa majibu ya maswali ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza wananchi wenyewe. Mipango hiyo huanguka, kisha wananchi hulaumiwa kuwa ni wavivu. Wazee walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Cardijn angeongeza kuwa aliyeshiba anaweza kumjua, mradi akubali kwenda kukaa naye na kumsikiliza.

Kwenu wanafunzi mliopo sasa. Mwaka 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne, nalo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mkirudi likizo mtawakuta wenzenu wengi wako kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye mashimo ya kokoto, au jikoni kwa watu wengine. Msiwapite kwa salamu ya haraka. Kaeni nao. Waulizeni wanaamka saa ngapi na jioni hubakiwa na shilingi ngapi, kisha msiwe wepesi wa kutoa ushauri. Wao wanayajua maisha yao kuliko ninyi.

Kwetu sisi tuliosoma zamani, nina pendekezo moja. Tunapokutana huwa tunachanga fedha za rangi na madawati, na jambo hilo ni jema, liendelee. Ila katika mkutano ujao tutenge saa mbili za kwenda mitaani kwa makundi ya watu wanne wanne, bila zawadi wala mpiga picha, tukawatembelee vijana walio kazini na kuwasikiliza. Tutakayoyasikia tuyalete mezani siku ya pili, nao wenyewe waalikwe kukaa mezani hapo. Ndipo tuamue fedha zetu ziende wapi. Niko tayari kuandaa orodha ya makundi, na yeyote atakayependa kushiriki anione siku ya kwanza ya mkutano kabla ya chakula cha mchana.