Leo Fender: Fundi asiyejua kupiga gitaa aliyeipa mbao sauti ndefu

MIONGONI mwa watu walioubadili muziki wa karne ya 20, wapo ambao hawakuwahi kusimama jukwaani na gitaa. Mmoja wao ni Clarence Leonidas Fender, maarufu kwa jina la Leo, fundi redio wa Marekani ambaye magitaa aliyoyabuni yalikuja kupigwa na magwiji kama Buddy Holly na Jimi Hendrix.

Fender alizaliwa Agosti 10, 1909 katika jimbo la California, karibu na miji ya Anaheim na Fullerton, ambako wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Utotoni alipoteza jicho moja na kuwekewa la kioo. Alisomea uhasibu na kuajiriwa katika kazi hiyo, lakini mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulimwacha bila ajira. Mwaka 1938 alikopa dola 600, akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton.

Wanamuziki waliomletea vikuza sauti vibovu walikuwa na kilio kimoja. Magitaa mengi ya umeme ya wakati huo yalikuwa na kiwiliwili chenye uwazi ndani, kama gitaa la kawaida. Yalipoongezwa sauti ili yasikike juu ya ngoma na tarumbeta, mngurumo wa spika uliutikisa ubao wake mwembamba, ubao ukazitikisa nyuzi, na mara gitaa likaanza kupiga yowe lisilozuilika.

Jawabu la Fender lilikuwa kiwiliwili cha mbao nene isiyo na uwazi. Hakuwa wa kwanza kuliwaza jambo hilo. Les Paul na Paul Bigsby, nao Wamarekani, walikwisha kulijaribu. Tofauti ni kwamba yeye alitaka gitaa ambalo kiwanda kingeweza kulitengeneza kwa wingi na kwa bei ambayo mwanamuziki wa kawaida angeimudu.

Mbao nene haikutuliza yowe tu. Katika gitaa lenye uwazi, nguvu ya uzi uliochapwa huhamia haraka kwenye ubao mwembamba na kutoka hewani. Sauti huwa kubwa, lakini hufa mapema. Mbao nzito hainyonyi nguvu hiyo kwa kasi, hivyo uzi huendelea kutetemeka na noti hudumu. Kazi ya kuikuza sauti huachiwa sumaku iliyo chini ya nyuzi pamoja na kikuza sauti.

Mwaka 1950 alitoa gitaa la aina hiyo, ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la Telecaster. Baadhi ya yale ya mwanzo kabisa yalikuwa ya msonobari, kisha akahamia mti uitwao ashi. Shingo yake ilikuwa ya mepeli, iliyofungwa kwa skrubu ili ikiharibika ibadilishwe kwa urahisi. Mwaka 1954 likafuata Stratocaster, lenye kingo zilizochongwa zisimchome mpigaji mbavuni.

Kufikia mwaka 1956, Stratocaster nyingi zilianza kutengenezwa kwa mti wa alda. Sababu ilikuwa ya kikarakana: ashi ina vinyweleo vipana vinavyohitaji kuzibwa kabla ya kupakwa rangi, ilhali alda hupokea rangi bila usumbufu mkubwa. Ashi ilibakizwa zaidi kwa magitaa yenye rangi nyepesi inayoonyesha mistari ya mti.

Hata hivyo, uamuzi huo wa fundi uligeuka kuwa mjadala usiokwisha. Wapo wapigaji wanaoamini kuwa ashi hutoa sauti kali na alda sauti tulivu. Wengine husema kwamba sumaku husikia uzi, si mbao, na kwamba aina ya sumaku, umbali wake kutoka kwenye nyuzi na kikuza sauti huamua mengi zaidi. Hata vipande viwili vya mti mmoja vyaweza kutofautiana kwa uzito.

Januari 1965, akiwa amedhoofishwa na maradhi ya muda mrefu na kudhani kwamba siku zake zilikuwa zikihesabika, Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS kwa dola milioni 13. Baadaye alipata daktari aliyemponya, lakini jina lake lilikuwa limekwenda pamoja na kampuni. Alilazimika kuanza upya, kwanza na kampuni ya Music Man, kisha G&L aliyoianzisha na rafiki yake George Fullerton.

Aliugua ugonjwa wa Parkinson, lakini aliendelea kufanya kazi karakanani hadi alipofariki dunia Machi 21, 1991, akiwa na umri wa miaka 81.

Mwaka 2020 kampuni yenye jina lake ilitangaza kuwa ashi ingeondolewa katika magitaa yake mengi ya kawaida, kwa kuwa mafuriko na wadudu watoboao miti wameifanya iadimike. Miongoni mwa miti iliyochukua nafasi yake ni alda, mti uleule ambao fundi asiyejua kupiga gitaa aliuchagua kwa sababu ulikuwa rahisi kupaka rangi.