Metchnikoff, mtetezi wa maziwa ya mgando

RUSIZI. Ikivuguto, maziwa ya mgando yanayopendwa Rwanda, yalipata mtetezi mbali na hapa. Élie Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkiv, Ukraine. Mwaka 1888 alihamia Taasisi ya Pasteur, Paris, na mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobeli. Aliamini bakteria wa maziwa hayo huwashinda wabaya tumboni. Alifariki mwaka 1916.

Leo wazo lake limefika kwa watoto njiti. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema waliozaliwa kabla ya wiki 32, wanaopata maziwa ya mama, wanaweza kufikiriwa kupewa bakteria hao. Mwaka 2023 Marekani ilionya kuwa wanaweza kusababisha maambukizi yanayoua. Uamuzi ni wa daktari. Ikivuguto asipewe kichanga.