Richard Thornton: Mpimaji wa Kilimanjaro

Mwalimu anayefundisha Kahe huuona mlima Kilimanjaro asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika. Yafaa wanafunzi wake wajue habari za Richard Thornton, mmoja wa watu wa kwanza kuupima mlima huo.

Thornton alizaliwa Uingereza mwaka 1838, karibu na mji wa Bradford, akasomea elimu ya miamba. Mwaka 1858 alifika Zambezi katika msafara wa David Livingstone. Mwaka uliofuata Livingstone alimwachisha kazi kwa kumwona mvivu, ingawa homa ilikuwa ikimsumbua. Hakukata tamaa. Mwaka 1861 aliandamana na Mjerumani Karl Klaus von der Decken kutoka Mombasa hadi Kilimanjaro. Walipanda hadi kimo cha meta 2,500 hivi, mvua ikawarudisha. Hata hivyo, ushahidi wao uliunga mkono habari ya theluji iliyoletwa na Johannes Rebmann mwaka 1848, ambayo William Cooley, akiwa kwake London, aliikanusha.

Wapimaji wa zama hizo hawakutegemea chombo kimoja. Kila njia ilipopinda walisoma dira na saa, wakakadiria mwendo. Vipimo hivyo vilikuwa vingi, ila makosa madogo madogo yalizidi kujilimbikiza. Usiku usio na mawingu walipima nyota, wakapata latitudo. Kipimo hicho kilipatikana mara chache, lakini hakikurithi makosa ya safari. Basi hawakungoja nyota ndipo wajue walipo, wala hawakuitupa dira nyota zilipoonekana. Waliendelea kukadiria, kisha wakasahihisha, na kosa wakaligawa katika mwendo wote uliopita.

Somo hili lifundishwe kwa vitendo. Wanafunzi watembee kutoka shuleni hadi stesheni ya Kahe, wakihesabu hatua, wakisoma dira na kuchora njia. Stesheni imo katika ramani. Wakifika, walinganishe mahali walipopachora na mahali penyewe, kisha warekebishe mchoro wote.

Thornton alifariki mwezi wa Aprili 1863 katika bonde la mto Shire, akiwa na umri wa miaka 25. Nasi walimu yatupasa kukumbuka kwamba kazi za kila siku za mtoto ni dira, na mtihani wa muhula ni nyota. Amhukumuye mtoto kwa kimoja tu hupotea njia.