Kapamu: maisha ya William Burton, mzungu wa Mwanza Sanga

Wasikilizaji wetu wa Katoto na wa Kamina nzima, leo tunaandika juu ya mtu ambaye wengi wanajua jina lake lakini hawajui habari yake. Ukiingia katika makanisa ya CPCO, wale ambao wazee bado wanawaita watu wa misioni ya Kipentekoste, utasikia jina la Burton. Watu wanalitaja tu, na kupita. Lakini Baluba wa Mwanza walimpa jina lingine, na hilo jina linatuambia mambo mengi kuliko lile la kwao. Walimwita Kapamu, maana yake mtu wa kukimbilia mbele, asiyengoja.

Walimwona sawasawa. William Frederick Padwick Burton alikuwa mtu wa haraka. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1886, akasoma kazi ya ufundi wa mashini na umeme. Fundi akiona kitu kimeharibika, mikono inawasha paka akitengeneze. Mwaka 1905, akiwa kijana wa miaka 19, alimwamini Bwana Yesu, na nyuma yake akajiunga na Wapentekoste, ambao ile wakati walikuwa watu wachache wa kuchekwa. Katika mji wa Preston alisoma Biblia kwa mwalimu mmoja aliyeitwa Thomas Myerscough. Ni hapo alipokutana na James Salter, kijana wa Preston, ambaye atakuwa ndugu yake wa kazi maisha yote.

Mwaka 1914 Burton alipanda meli kwenda Afrika Kusini. Hakuwa na mshahara uliowekwa. Walikuwa na makanisa madogo nyuma yao, watu wa kazi ya mikono, wanatuma kile wanachopata, na mwezi mwingine hawapati kitu. Burton alikubali hivyo. Kwake kumtegemea Mungu kulikuwa jambo la kila siku, sawa na mtoto ambaye hajui unga wa bukari ya kesho utatoka wapi, lakini analala usingizi.

Tusifikiri kwamba alikuwa amekomaa tayari. Kuacha kazi nzuri na kupanda meli ni kitu ambacho kijana mwenye moto anaweza kufanya mara moja. Masomo yake magumu yalikuja nyuma, na mengi aliyapatia hapa kwetu.

Mwaka 1915 walikuwa wanne katika safari ya kuja Katanga: Burton, Salter, Joseph Blakeney, na George Armstrong, ambaye alikuwa mtu mzima kuwapita wote. Reli ilikuwa bado kufika Bukama, na ya kupita Kamina itamalizika paka 1928. Kwa hiyo safari ilikuwa ya treni, nyuma yake maji ya Lualaba, nyuma yake miguu. Homa iliwakamata. Armstrong alikufa njiani, hakuona Mwanza. Burton mwenyewe aliugua sana hata wenzake wakafikiri watamzika naye. Walipofika Mwanza Sanga, mwezi wa 9 mwaka 1915, walikuwa watatu, na Blakeney hakukaa, aliondoka upesi. Wakabaki wawili, Burton na Salter, vijana wawili juu ya kilima, hawajui Kiluba, hawana munganga karibu.

Hapa ningependa tusimame kidogo. Wanne wanaomba, wanatii, na mmoja anakufa mbele ya kuanza kazi. Mwingine anaona si mahali pake. Mtu angeweza kusema Mungu hakuwatuma. Burton hakupata jibu la hili, au kama alipata, halikumzuia kuamka kesho yake na kukata miti ya nyumba. Alichimba udongo, akafanya matofali, akajenga. Jioni alikaa na watu kujifunza luga yao neno kwa neno. Ile ndiyo ilikuwa imani yake ya kwanza hapa Lubaland: kufanya kile kidogo kilicho mbele ya macho.

Masimulizi ya misioni yanaeleza juu ya mzee mmoja wa Mwanza aliyekuwa amepinda mgongo, anatembea na fimbo. Alisikia hawa wazungu wakihubiri kwamba Yesu alikuwa anaponya wagonjwa, akauliza kama wanaweza kumwomba Yesu juu yake. Kwake lilikuwa jambo rahisi tu: kama ni kweli, basi muombe. Wakaweka mikono, wakaomba, na mgongo wake ukanyooka. Wanasema hapo watu wakaanza kuja kusikiliza. Mimi katika habari hii namwangalia yule mzee kuliko wale wahubiri. Ni yeye aliyewalazimisha waamini kile walichokuwa wakihubiri.

Lakini kazi iliendelea polepole. Kapamu alitaka kukimbia, na nchi ikamwambia tembea. Wachache waliamini, wengine walirudi nyuma. Mwaka 1918 Burton alioa Hettie Trollip, dada kutoka Afrika Kusini, na huyu mama akafanya kazi pamoja naye Mwanza. Mwaka 1919 kazi yao ilipata jina rasmi la Congo Evangelistic Mission, na Salter akarudi Uingereza kushughulika na makanisa yanayotuma msaada. Kumbuka, Salter alikuwa ndiye rafiki pekee aliyebaki katika wale wanne. Burton alimwachilia.

Na sasa tunafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, maisha ya Burton yanageuka. Si yeye aliyefanya jambo hili.

Wakati wa zamani, mbele ya Bula Matari kushika nchi yote, wafanyabiashara kutoka upande wa Angola walikuwa wanakuja mpaka kwa Baluba na Basongye kununua na kukamata watu. Maelfu walipelekwa magharibi katika minyororo. Wengine waliishi huko Angola miaka mingi, na katika mikoa kama Bihé walikutana na wamisionari, wakaamini. Walipopata uhuru, baadhi yao waliamua kurudi kwao. Walitembea kwa miguu wiki na miezi, wakirudi kwa njia ileile waliyopelekwa kama watumwa. Walifika na Biblia, na nyimbo, na maombi kwamba Mungu alete walimu kwa watu wao.

Mmoja wao aliitwa Shalumbo, Musongye. Habari yake ni nzito, sababu yeye hakuwa tu mtu aliyekamatwa. Mbele ya kuamini, alikuwa amekamata watu mwenyewe. Aliwaendea watu kwa silaha, akawauza. Halafu akageuka. Burton aliandika kitabu kizima juu yake. Fikiri mtu kama huyo anarudi katika vijiji vya kwao, pahali ambapo watu wanakumbuka nani alipotea na nani alimchukua. Angeweza kubaki Angola, asijulikane. Alirudi. Kutoka kwake na wenzake Injili iliingia kwa Basongye, mpaka misioni ikafunguliwa Kipushya.

Mwezi wa kwanza mwaka 1920, hawa waliorudi kutoka utumwani walikutana Mwanza kwa mkutano wa maombi. Kilichotokea pale, watu wa misioni wanakiita Pentekoste ya Baluba. Watu walilia, waliungama dhambi, walinena kwa luga, waliimba usiku na mchana. Nyuma ya siku hizo walitawanyika katika vijiji, na makanisa yakaanza kuota pahali ambapo hakuna mzungu aliyekanyaga.

Unaona jinsi mambo yalivyo? Burton alikuwa amefika miaka zaidi ya minne mbele. Alikuwa na masomo, na ufundi, na bidii. Na moto uliwaka kwa watu ambao jana walikuwa na alama za minyororo mikononi. Mtu mwenye kiburi angejaribu kushika mkutano ule mkononi mwake. Burton alikuwa na moyo mkali, alipenda mambo yaende kwa namna yake, hata wenzake walijua hivyo. Lakini hapa alikubali kwamba waamini wa nchi hii ndio watakaopeleka neno, na kazi yake ni kuwafundisha, kuwatembelea na kuwaombea. Tokea hapo alisema na kuandika mara nyingi kwamba makanisa ya Kongo lazima yasimame kwa miguu yake, yajilishe, yajieneze.

Alizunguka sana, kwa miguu na kwa kinga, akitoka kijiji hadi kijiji. Alichora ramani za nchi. Mwaka 1927 maandishi yake juu ya nchi ya Baluba yalitokea katika jarida la jiografia la London. Alipiga picha, alichora kwa rangi, alikusanya mithali za Kiluba nyingi sana. Vitu vya kale alivyokusanya, sanamu, viti, vitu vya mabanganga, viko leo Johannesburg katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na vingine Ubelgiji, Tervuren.

Nikisema ukweli, hapa ndipo moyo wangu haupumziki. Burton aliwapenda Baluba, lakini dini ya wazee wetu aliiona karibu yote kuwa giza. Wengi waliobatizwa waliacha vitu hivyo, vingine vilichomwa, vingine vilikwenda mbali, na leo mtoto wa Kamina akitaka kuviona anahitaji pasaporte. Na bado, bila maandishi yake, mithali nyingi na desturi nyingi zingekuwa zimesahaulika. Alikuwa mtu wa wakati wake, wakati wa ukoloni. Kukomaa kwake katika mambo mengine hakukumfikisha kila mahali.

Katika miaka ya 1940 alipata ugonjwa wa tumbo. Yeye na wenzake walishuhudia kwamba madaktari wa Afrika Kusini waliona kansa katika picha za mionzi, wakamwambia lazima apasuliwe. Alikataa, akarudi kazini Kongo, akaomba, na wakati wa nyuma picha mpya hazikuonyesha kitu. Aliishi zaidi ya miaka 20 nyuma ya hapo. Ushuhuda huu umerudiwa katika mahubiri mengi. Lakini radio yetu kila wiki inawaambia wazazi wapeleke mtoto mwenye malaria kwenye kituo cha afya, na hatutabadilisha maneno hayo juu ya Burton. Alijiamulia yeye, akiwa mtu mzima, kwa mwili wake mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujiamulia. Na tusisahau kwamba Armstrong naye alikuwa mtu wa maombi.

Kilichonigusa mimi ni kitu kingine. Katika miaka ya 1950 uongozi wa kazi ulipita kwa Harold Womersley, mtu aliyefanya kazi miaka mingi hapa Kamina. Burton alibaki, akiwa chini ya mtu aliyekuja nyuma yake. Kwa mtu anayeitwa Kapamu, hii si kitu kidogo. Tunajua wenyewe katika makanisa yetu ni viongozi wangapi wanaokubali kukaa kwenye kiti cha pili wakiwa bado na nguvu.

Halafu ikafika 1960. Uhuru tarehe 30 mwezi wa 6, na tarehe 11 mwezi wa 7 Katanga ikajitenga. Kaskazini mwa Katanga, kwetu huku, ilikuwa vita na vijana wa Balubakat. Wazee wanaojua wakati ule hawapendi kuuongelea. Wamisionari waliondoka katika vituo kimoja kimoja. Burton, aliyekaa miaka 45, aliondoka pia. Alikuwa na miaka 74.

Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka ule, wawili wa misioni yake, Teddy Hodgson na Elton Knauf, waliuawa Lulungu. Hodgson alikuwa mtu wa Preston, alikuja 1920, alijulikana sana Kikondja. Knauf alikuwa wa New Zealand. Walikuwa wamekwenda kupeleka msaada. Burton alipata habari hii akiwa mbali.

Sasa kila kitu alichokijenga kwa mikono yake, nyumba za matofali, shule, zahanati, kilibaki bila yeye na bila wazungu wenzake. Watu wengine walitegemea kwamba kanisa litakufa. Jonathan Ilunga, mchungaji Mluba, ndiye aliyeshika uongozi, katikati ya vita, na vijiji vimechomwa, watu wamekimbilia porini. Waamini waliendelea kukutana. Sawa na mwaka 1920, neno lilikuwa mikononi mwa watu wa hapa, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuwasimamia kutoka pembeni.

Burton alimaliza miaka yake ya mwisho Afrika Kusini, akiandika na kuhubiri, na alikufa mwaka 1971. Hettie alikuwa ametangulia. Misioni aliyoianzisha na Salter ikawa jumuiya ya 30 katika Kanisa la Kristo la nchi yetu, na makao yake makuu yako hapa Kamina.