Gary Kildall: Mwasisi Aliyefunikwa na Ngano

Waasisi wa tarakilishi binafsi watajwapo, aghalabu Gary Kildall huachwa nje, au hukumbukwa kwa kisa cha asubuhi moja tu ya mwaka wa 1980. Maisha yake yanadhihirisha jinsi ngano inavyoweza kuimeza kazi ya mtu.

Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei 1942 mjini Seattle, Marekani, katika familia iliyoendesha chuo cha unahodha. Mwaka wa 1972 alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Washington, huku akifundisha katika chuo cha uzamili cha wanamaji mjini Monterey, California. Wakati huo kampuni ya Intel ilikuwa imeanza kuuza mikroprosesa, ambazo wengi walizidhania kuwa vipuri vya kuongozea mitambo tu. Kildall aliona humo tarakilishi kamili ya mtu mmoja. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuhifadhi kazi katika diski na kuiita tena. Mwaka wa 1974 aliupata, akauita CP/M. Yeye na mkewe, Dorothy McEwen, wakaasisi kampuni iliyokuja kuitwa Digital Research.

Tatizo likabaki kwamba kila kiwanda kiliunda mashine kwa namna yake. Kildall akautenga mfumo sehemu mbili: moja ya wote, na nyingine ndogo inayobadilishwa kulingana na mashine. Msafiri atokaye Ahero hahitaji barabara moja ya kwendea Sondu na nyingine ya kwendea Kendu Bay. Hufuata ile ile hadi Katito, ndipo njia zikaachana. Vivyo hivyo, programu moja iliyoandikwa kwa CP/M iliweza kutumika katika mashine za viwanda vingi.

Mwaka wa 1980, wajumbe wa IBM walifika kutafuta mfumo wa tarakilishi yao mpya. Kildall alikuwa amerusha ndege yake kwenda kwa mteja. Mkewe aliwapokea, wasiafikiane kuhusu mkataba wa kutunza siri. Hapo ndipo ilipozuka ngano ya mtu aliyepoteza utajiri kwa kucheza angani. Ngano hiyo husahau mengi. Microsoft ilinunua mfumo wa Tim Paterson, uliofuata kwa karibu mpangilio wa CP/M, ikaipatia IBM. Hata CP/M ilipouzwa kwa mashine za IBM, bei yake ilikuwa dola 240, ilhali mshindani wake aliuzwa dola 40. Mnunuzi angechagua upi?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kildall alipata mali, hasa Novell ilipoinunua kampuni yake mwaka wa 1991, ila kivuli cha heshima hakukikalia. Alifariki tarehe 11 Julai 1994, akiwa na umri wa miaka 52. Bamba la kumbukumbu la wahandisi wa IEEE liliwekwa penye iliyokuwa ofisi yake mjini Pacific Grove mwaka wa 2014, miaka 20 baadaye.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Katito anayehifadhi tasnifu yake katika tarakilishi ya Windows bado hukutana na herufi C na nukta pacha. Desturi hiyo ya kuziita diski kwa herufi iliingia katika tarakilishi binafsi kupitia CP/M.