Edel Quinn, Mgonjwa Aliyetumwa

Ugonjwa mzito unapomshika kijana, moyo wake huumia pamoja na mwili. Mzee amekwisha kuona siku nyingi. Kijana alikuwa akizitazamia siku zake: ndoa, watoto, shamba, au utumishi wa Kanisa. Huko Nyangwe kando ya mto Lualaba, na Kasongo na Kabambare, kama katika vijiji vingi vya dunia, jirani hukusanyika na kuuliza ni nani aliyemloga, au ametenda dhambi gani. Lakini kuna swali lililo jema zaidi: mgonjwa huyu aweza kufanya nini kwa siku alizopewa? Edel Quinn alilijibu swali hilo kwa maisha yake yote.

Edel alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907 huko Kanturk, katika nchi ya Ayalandi, kisiwa cha Ulaya. Baba yake alifanya kazi katika benki, na kwa ajili ya kazi hiyo jamaa yake walihama mji kwa mji. Edel alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Fedha za nyumbani zilipopungua, aliacha masomo, akajifunza kazi ya ukarani, akaajiriwa katika mji mkuu, Dublin, apate kuwasaidia wazazi na wadogo zake. Alikuwa msichana mchangamfu, apendaye michezo, muziki na kucheka. Lakini kila siku asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alihudhuria Misa takatifu na kupokea Komunyo.

Alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi, aliingia Lejio ya Maria. Chama hiki kilianzishwa mjini Dublin na Frank Duff tarehe 7 Septemba 1921. Watu wake si mapadri wala masista, bali Wakristo wa kawaida. Kila juma hukutana katika kikundi kidogo, husali rozari, kisha kila mmoja hueleza kazi aliyoifanya: kuwatazama wagonjwa, kuwafariji wenye huzuni, kuwarudisha waliopotea. Edel alipewa kukiongoza kikundi kilichowasaidia wanawake waliouza miili yao katika mitaa ya mji.

Siku moja tajiri wake wa kazini, kijana Mfaransa, alimposa. Edel alikataa kwa upole, kwa maana alikuwa amekwisha kumwahidia Mungu moyo wake. Alitaka kuingia katika nyumba ya Masista wa Mtakatifu Klara, ambao huishi ndani ya kuta za monasteri katika sala na umaskini. Alingoja miaka kadhaa, kwani jamaa yake walihitaji mshahara wake.

Mwaka 1932, wakati wa kuingia ulipokuwa karibu kabisa, damu ilimtoka kifuani. Waganga wa hospitali walimpima, wakaona kwamba kifua kikuu kimekwisha kuingia sana katika mapafu. Edel alikuwa na umri wa miaka 24. Nyakati zile hapakuwa na dawa ya kuviua viini vya ugonjwa huo. Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Msichana wa siku zile aliposikia kwamba ana kifua kikuu, alishtuka kama kijana wa leo aambiwavyo kwamba ana kansa.

Basi mlango wa monasteri ulifungwa mbele yake. Badala ya kwenda kwa Masista wa Klara, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua huko Newcastle, akalala humo miezi 18. Lile alilomtolea Mungu kwa mapenzi yote, Mungu hakulipokea kwa namna aliyoitaka yeye. Jaribu hili ni kali kuliko maumivu. Wengi hapo hunung'unika na kusema kwamba sala zao zimekuwa bure. Edel hakumdai Mungu maelezo. Wagonjwa wenziwe walimwona mcheshi kama zamani. Alipotoka hospitalini hakuwa amepona. Alirudi katika kazi ya ukarani na katika Lejio.

Mwaka 1936 Lejio ilitafuta mtu wa kuipeleka Afrika ya Mashariki. Edel alijitoa. Wengine walikataa wakisema kwamba kumtuma msichana mgonjwa katika safari ngumu namna ile ni kumtuma kufa. Edel aliwajibu kwamba anayajua vema yanayomngojea, wala hatafuti matembezi ya kujifurahisha. Frank Duff alikuwa upande wake, naye akatumwa. Aliondoka Ayalandi mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Novemba akafika Mombasa.

Pwani hiyo ndiyo ncha ya mashariki ya njia za zamani. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, ikapita Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Misafara ile ilileta lugha ya Kiswahili, lakini ilileta pia minyororo ya utumwa na machozi. Edel naye alianza safari pwani. Lakini mzigo wake ulikuwa rozari, kitabu cha Lejio na mwili dhaifu.

Alifanya makao yake Nairobi. Katika mji ule Wazungu, Wahindi na Waafrika waliishi wakitengana, na wengi walidhani kwamba hawawezi kuketi pamoja hata kwa sala. Edel hakukubali, kwa maana ubatizo ni mmoja na Mama ni mmoja. Kwa motokaa iliyochakaa, kwa gari-moshi na kwa meli, katika vumbi na matope, alikwenda misioni kwa misioni: Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na kisiwa cha Morisi. Mamia ya vikundi vilianzishwa. Katika vikundi hivyo Mkristo asiyejua kusoma aligundua kwamba yeye pia ni mtume katika kijiji chake.

Mwaka 1941, akiwa Nyasaland, nguvu zilimwisha. Alipelekwa Afrika ya Kusini, akatunzwa huko muda mrefu, amekonda sana. Hapo tena alijifunza kazi iliyo ngumu kuliko safari, yaani kulala na kungoja. Mwaka 1943 alirudi Nairobi, akaendelea kadiri alivyoweza, mara nyingi kwa kuandika barua. Mwezi wa Aprili 1944 alikwenda Kisumu kwa safari yake ya mwisho. Tarehe 12 Mei 1944 alifariki Nairobi, mikononi mwa masista, akilitaja jina la Yesu. Alikuwa na umri wa miaka 36. Alizikwa Nairobi, katika makaburi ya wamisionari. Askofu Mbelgiji Leo Suenens, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, aliandika habari za maisha yake. Tarehe 15 Desemba 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alitangaza kwamba Edel alizitenda fadhila za Kikristo kwa namna ya kishujaa, naye akapewa jina la Mheshimiwa.

Maisha haya yana mafundisho matatu kwa mkatekumeni.

La kwanza: ugonjwa si alama ya uchawi, wala si hasira ya Mungu. Yesu alipomponya kipofu tangu kuzaliwa, aliwakataza wanafunzi wasitafute kosa la kipofu wala la wazazi wake. Kumshitaki jirani hakumponyi mgonjwa. Huongeza msiba wa pili juu ya ule wa kwanza.

La pili: imani haidharau dawa. Edel alilala hospitalini na kuwatii waganga. Leo kifua kikuu huponyeka, mara nyingi kwa dawa zinywewazo miezi 6 bila kuacha hata siku moja. Akoholeaye majuma mawili na zaidi aende kupimwa. Na uvimbe unaoendelea kukua, ingawa hauumi, uonyeshwe mganga wa hospitali mapema, kwani kansa ikijulikana mapema mara nyingi huweza kutibiwa.

La tatu: mgonjwa ana kazi katika Kanisa. Aweza kuyaunganisha maumivu yake na msalaba wa Bwana kwa ajili ya wengine, na walio wazima wana wajibu wa kumtembelea. Na mkatekumeni akiwa katika hatari ya kufa, asingoje Pasaka. Jirani wamwite padri au katekista upesi. Wasipopatikana, mtu yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa maneno ya ubatizo, akikusudia kutenda kama Kanisa litendavyo. Kwa hiyo maneno hayo yafaa kujulikana kwa moyo katika kila nyumba.