Hugh Tracey: Aliyepima sauti za katikati ya vitufe vya piano

We kijana unayeshinda na laptopu huko Suneka, Keroka au Nyamira mjini ukitunga muziki tulivu, ule wa sauti ndefu zinazojaza chumba polepole bila mbio za ngoma, ngoja kidogo. Umerekodi obokano ya mzee fulani, nyuzi zake 8 zikivuma vizuri. Ukiiweka juu ya kinanda cha kompyuta, vinagombana. Unataka kubonyeza kile kitufe cha kunyoosha sauti? Usibonyeze bado. Kwanza umjue Hugh Tracey.

Alizaliwa Uingereza, jimbo la Devon, mwaka 1903. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaenda Rhodesia Kusini, Zimbabwe ya leo, kulima tumbaku na kaka yake. Huko shambani alijifunza Kikaranga na kuimba na wafanyakazi. Wazungu wenzake wengi waliuona muziki ule kelele tu. Yeye aliona ni elimu, na mwaka 1929 akawapeleka vijana wa Kikaranga hadi Johannesburg wakarekodiwe.

Kilichomkosesha usingizi ni hesabu. Umbali kutoka do ya chini hadi do ya juu hupimwa kwa senti 1200. Piano huukata vipande 12 sawa, kila kimoja senti 100. Lakini timbila za Wachopi wa Msumbiji alizikuta na vipande 7 vinavyokaribia kulingana, kama senti 171 kila kimoja. Sauti kama hizo piano haina. Ziko katikati ya vitufe. Fundi wa timbila hakukosea hata kidogo. Alikuwa na kipimo chake.

Enzi hizo hakukuwa na programu ya kupima. Tracey alibeba vyuma 54 vyenye umbo la uma. Ukikigonga kimoja kinatoa sauti moja tu, na kila kimoja kilimzidi mwenzake kwa mitetemo 4 kwa sekunde. Alilinganisha uzi kwa uzi, akaandika.

Mwaka 1950 alifika magharibi mwa Kenya. Kapkatet, kwa majirani zetu Wakipsigis ukishapita Borabu na Sotik, alirekodi wasichana wakiimba Chemirocha, wimbo uliozaliwa na jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyemsikia kwenye santuri.

Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, nchini Afrika Kusini. Mfululizo wake wa Sound of Africa ulifika santuri zaidi ya 200.

Sasa hapa ndipo penye utata. Mtu huyu huyu alianzisha kiwanda cha kalimba, na kalimba zile zikauzwa dunia nzima zikiwa zimepangwa kwa do-re-mi ya Wazungu. Alizihifadhi sauti zetu kwenye santuri, kisha dukani akauza za piano. Na rekodi zenyewe zilikaa mbali na waliozipiga. Alifariki 1977. Miaka zaidi ya 60 ilipita tangu safari ile ndipo Ketebul Music ya Nairobi na ILAM wakaanza kuwarudishia watu wa Kenya nakala.

Basi usirudie kosa la kiwanda kile. Rekodi kila uzi wa obokano peke yake. Soma senti zake kwenye simu. Programu za bure zipo. Halafu kigeuze kinanda chako kifuate obokano, na wala si obokano ifuate kinanda. Programu nyingi za muziki siku hizi zinakubali. Muulize mzee pia anajuaje kwamba uzi umekaa sawa, maana mwingine akija kesho ataupanga tofauti kidogo, na wote wawili wako sawa.

Kumbuka pia kuandika jina la mzee kwenye wimbo, na umlipe. Hiyo haihitaji uma 54.